Vumbi la Pinki Juu ya Diff

Mliponiaga mwezi uliopita mlinipa blenda, mkaniomba niandike machache kwa ajili ya walioajiriwa juzi. Blenda naishukuru. Mama mkwe wangu anaamini ni chombo kipya cha kupimia mvua, nami sijamsahihisha. Machache yenyewe ndiyo haya. Vyeo sitavitaja, anayetaka kujua nilipanda lini na nikasahauliwa lini aende afisi ya wafanyakazi, na akiliona faili langu huko anijulishe, maana wao wenyewe walishindwa kulipata.

Nitasema kazi. Tulikuwa tukitafuta vumbi na moshi kwenye picha za setilaiti, kutoka Mto Tana hadi mpaka wa Somalia, na tuliifanya kazi hiyo vizuri. Nasema hivyo bila haya. Nchi hii yetu watu huikumbuka kwa ukame na mafuriko tu, lakini kuna watu walikaa Garissa miaka yote hii wakiitazama kutoka juu kila siku ya Mungu, na mimi ni mmoja wao.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani mtaa wa Waberi kwa miguu, nimevaa buibui jipya na viatu vya kuazima. Niliambiwa nitaonyeshwa vyombo. Vyombo vilikuwa kibanda cheupe chenye vipimajoto ndani, kipima mvua kilichojaa nzi waliokufa kwa kungoja mvua, na maputo ya kurushwa angani ambayo watoto wa mtaa walikuwa wanayajua vizuri kuliko mimi. Baba yangu aliwaambia wenzake msikitini kwamba binti yake amepata kazi ya serikali ya kuhesabu mawingu. Walicheka sana, kwa sababu Garissa mawingu hayahitaji mtu wa kuajiriwa. Huyahesabu hata mbuzi.

Mkuu wa kituo chetu cha hali ya hewa alikuwa Mzee Mutiso, Mkamba mrefu mwenye sauti ndogo, aliyeletwa huku kwa muda mfupi akakaa mpaka kustaafu. Hakuniuliza mwanamke wa Kisomali anatafuta nini pale. Alinipa kalamu akasema, "Kila ripoti yako itakuwa na sentensi mbili. Ya kwanza iseme tunaona nini. Ya pili iseme hatuoni nini. Ukiniletea moja peke yake nitairudisha." Na aliirudisha, tena na tena, mpaka nikaanza kuota sentensi ya pili. Wakati ule picha za setilaiti zilitufikia zikiwa karatasi za kijivu zenye madoa, na nusu ya kazi ilikuwa kubahatisha kama doa ni wingu au ni wino.

Kisha tukafungiwa dishi uani, na kompyuta ikaja na fundi wake kutoka Nairobi. Mambo yakabadilika. Picha mpya iliingia kila robo saa, na ilikuwa na rangi. Wageni wengi hudhani rangi zile ni za kweli, kwa hiyo nieleze. Setilaiti hupima joto linalopanda kutoka ardhini na mawinguni, kisha kompyuta hupaka rangi ya kubuni ili tofauti zionekane. Katika picha tuliyoitumia sana, mawingu mazito huwa mekundu yaliyoiva, na vumbi huwa pinki, pinki ile ya pipi za dukani. Mara ya kwanza nilipoona upepo umebeba ardhi ya Lagdera ukaipeleka Somalia, yote pinki, nilikaa kitako. Nilikuwa nimekula vumbi lile maisha yangu yote na sikuwahi kulijua umbo lake.

Moshi ni kitu kingine, na nyinyi vijana mnauchanganya na vumbi kwa uvivu. Katika picha ya pinki hautauona. Utafute mchana, kwenye picha ya kawaida, ukiwa uzi wa kijivu ulio mwembamba unapoanzia na mpana unapokwenda. Moshi una mahali pa kuzaliwa. Vumbi huinuka nchi nzima kwa pamoja. Kuna mwaka vichaka vya Ijara viliwaka, na tuliweza kuwaambia wafugaji wa kule moto uko upande gani na moshi unaelekea wapi, wakahamisha ng'ombe kabla macho hayajaanza kuwasha. Na kuna mwenzetu mmoja Nairobi, jina nalihifadhi, aliyetupigia simu asubuhi akipiga kelele kwamba kingo zote za Tana zinaungua. Nilitoka nje nikatazama. Ulikuwa ukungu wa asubuhi, umelala juu ya mto. Nilimwambia anywe chai kwanza, jua litauzima.

Lakini picha ina upungufu wake, na hapo ndipo sentensi ya pili ya Mzee Mutiso ilipoishi. Setilaiti inatazama kutoka juu. Inakuonyesha vumbi, haikuambii kama liko chini machoni mwa watu au limepanda juu sana na chini kweupe kabisa. Kwa mchungaji si tofauti kubwa, atafunika uso aendelee. Kwa rubani ni uhai. Kwa hiyo, baada ya Mutiso kurudi kwao Machakos na mimi kukabidhiwa kiti chake, nilianza kutafuta macho ya watu walio chini.

Nilipanda malori ya maji kutoka Dadaab, kwa sababu gari la afisi lilikuwa juu ya mawe likingoja magurudumu. Kila mji wenye kiwanja cha ndege nilitafuta mtu mmoja mwenye simu na asiyependa kusafiri. Diff, kule Wajir Kusini mpakani, nilimpata Dahabo, mama muuza chai ambaye kibanda chake kinatazama kiwanja. Tulisimama mlangoni pake nikamwonyesha alama zake. Tangi la maji, hilo liko karibu. Msikiti uko mbali kidogo. Mwisho wa kiwanja kuna mlingoti wa simu, ambao kila mtu anauita busta. Nikimpigia, ataniambia anaona alama ipi na haoni ipi, nami nitajua rubani ataona nini. Dahabo aliniuliza serikali imenituma safari yote ile kuja kumwonyesha tangi ambalo yeye mwenyewe huchota maji hapo kila siku. Nikamwambia ndiyo, ndiyo kazi ya serikali.

Mtindo huo ulifanya kazi vizuri. Nawaachia kama urithi, na msije mkaniambia siku hizi kuna programu ya simu.

Sasa niwaambie habari ya siku moja ya hagaa, majira yetu ya upepo mkavu. Kariuki alikuwa ametufikia karibuni kutoka Nyeri. Anayasoma haya, na nimemwomba ruhusa. Alikuwa, na bado ni, msomaji wa picha hodari kuliko wote niliowahi kukaa nao. Mchana ule ndege ndogo ya kubeba wagonjwa ilikuwa imetua kwetu Garissa, inaelekea Diff. Kule zahanati kulikuwa na msichana anaitwa Hibo, mimba yake ya kwanza, uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Alihitaji kupasuliwa, na aliyeweza kumpasua alikuwa hospitali ya Garissa. Kwa barabara ile asingefika. Rubani alituuliza swali moja tu: naweza kutua?

Mimi nilikuwa natoka kuswali. Nilipofika mlangoni Kariuki alikuwa anaongea na Dahabo, simu iko wazi juu ya meza.

"Mama, habari ya huko?"

"Nabad, nabad. Na nyinyi huko, watoto, kazi, wote iko nabad?"

"Sisi wazima. Hali ya hewa iko aje?"

"Alhamdulillahi. Hakuna shida. Hapa nabad tu."

"Ndege inaweza kuja?"

"Ikuje! Ikuje haraka, wallahi. Binti ya watu iko hali mbaya."

Kariuki alikata, akanyanyua simu nyingine ya kumwambia rubani aondoke. Skrini pembeni yake ilikuwa pinki, mkanda mpana kutoka mbele ya Dadaab hadi mpakani. Nilimwuliza kama ameuona. Alinijibu kwa adabu, tena kama nilivyomfundisha. "Nimeuona, Madam. Picha inaonyesha vumbi, lakini haionyeshi kama liko chini. Ndiyo maana nimemuuliza aliye chini. Amesema hakuna shida."

"Umemuuliza busta?"

"Nimemuuliza hali ya hewa."

Wenzangu mliotoka bara, sikilizeni. Huku kwetu mtu akiulizwa hali, jibu la kwanza ni nabad, amani. Nyumba yake inaweza kuwa inaungua nyuma yake, atasema nabad kwanza, kisha atakuuliza wewe na watoto wako, na habari yenyewe itakuja baadaye ikiwa utaipa nafasi. Si uongo. Ni heshima. Habari mbaya haitangulizwi mbele ya salamu. Mtu wa hapa hulijua hilo tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, kwa hiyo haikunijia kamwe akilini kumwambia Kariuki.

Nilimzuia mkono, nikampigia Dahabo mwenyewe. Tuliongea Kisomali, na sikumsalimu, jambo ambalo lilimshtua kuliko vumbi.

"Dahabo, busta unaiona?"

"Busta? Abaayo, dada, hata msikiti siuoni. Tangi nalisikia tu, kuna mtu analigonga."

"Mbona umemwambia kijana wangu hakuna shida?"

"Aliniuliza hali, nikamjibu salamu yake. Kisha akaniuliza ndege ije. Dada yangu, mimi nimtazame msichana anakufa hapa halafu niseme ndege isije?"

Angekuwa binti wa jirani yangu, labda nami ningesema ije.

Nilimwambia rubani azime injini. Alikuwa mtu mpole, lakini sauti yake ilipanda. "Madam, kuna mgonjwa."

"Najua. Ukienda sasa hutakiona kiwanja. Utazunguka mpaka mafuta yawe ya kurudia tu, na utarudi bila yeye. Kisha itakuwa jioni."

Alijua kama nilivyojua kwamba kiwanja cha Diff hakina taa. Ilikuwa safari moja tu. Tukiitumia vibaya hakuna nyingine mpaka kesho, na Hibo hakuwa na kesho. Tukingoja kupita kiasi giza lingetufunga vilevile. Lilikuwa shimo huku na shimo kule, na katikati kijia ambacho hakuna aliyekiona bado.

Mimi na Kariuki tulikaa mbele ya skrini tukaanza kutafuta mkia wa vumbi lile. Mkanda ulikuwa unakwenda kaskazini-mashariki, na nyuma yake, upande wetu, ardhi ilikuwa inarudi rangi yake. Nilimpigia mtu wetu wa Dadaab, muuza vipuri vya malori. Naye sikumsalimu. Alisema busta yake ilikuwa imepotea na sasa imerudi. Basi mkia ulikuwa umeshapita Dadaab, na huko chini kulikuwa kweupe kama picha ilivyosema. Kariuki akapima mwendo wake kwa kompyuta, picha baada ya picha. Mimi niliweka rula juu ya kioo cha skrini kama mtoto wa shule, kwa sababu ndivyo Mutiso alivyonifundisha kwenye karatasi. Majibu yetu yalikaribiana. Tukaamua tungoje picha moja zaidi, tuone kama mkia hausiti.

Wakati tunangoja, muuguzi wa Diff alipiga. Nyuma yake nilimsikia msichana. Sitaielezea sauti ile.

"Ndege iko wapi?"

"Iko Garissa. Inasubiri."

"Nani ameisimamisha?"

Kariuki alinitazama. Ningeweza kusema afisi, au vumbi, au hali ya hewa. "Mimi," nikasema. "Habiba, wa hali ya hewa, Garissa." Alikata simu bila kuaga.

Picha iliingia. Mkia haukusita. Nilimwambia rubani aondoke, na hapa naomba mnielewe, kwa sababu Diff bado ilikuwa ndani ya vumbi. Dahabo bado hakuwa anauona msikiti. Kama ningengoja aone kila kitu ndipo niirushe ndege, jua lingekuwa limekwisha. Ndege ilibidi isafiri nyuma ya vumbi na kufika wakati mmoja na mwanga. Rubani aliniuliza, "Una hakika?" Nilimpa sentensi mbili. Tunaona mkia unasogea, na kwa mwendo huu utakuwa umeivuka Diff wewe ukifika. Hatuoni kama upepo utabadilika. Akasema asante, akaruka.

Kisha ikabaki simu. Nilimpigia Dahabo tena na tena, mpaka akaacha kusema haloo, akawa ananitajia tu. Tangi. Tangi. Tangi, na kama msikiti lakini sina hakika. Msikiti. Kariuki alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, na nadhani alikuwa anasali kwa dini yake, nami kwa yangu. Mwishowe Dahabo alipiga kelele kabla sijauliza. "Busta! Naiona yote mpaka juu! Na ndege naisikia!"

Nilimwambia Kariuki alete chai. Nilitaka atoke ili nilie kwa raha.

Ndege ilirudi Garissa jua likiwa chini lakini likiwa bado jua. Hibo alipasuliwa jioni ile, akapata mtoto wa kike, wote wawili wazima. Sikwenda hospitali. Nilirudi Waberi, na jirani zangu walikuwa barazani, wakaniuliza swali wanaloniuliza daima, kama waanike nguo. Nikawaambia waanike. Nilijisikia kama nimevishwa taji, na hakuna aliyekuwa analiona, na sikujali.

Kesho yake Kariuki aliandika ukutani, juu ya simu, kwa herufi kubwa: ULIZA BUSTA. Maneno yale bado yapo, na wakaguzi kutoka Nairobi hutuuliza ni kifupi cha nini. Siku hizi Kariuki ndiye anayefundisha wageni, na husalimia kwa Kisomali kwa urefu mpaka Dahabo humkatiza akitaka kumtajia tangi. Baada ya hapo tulifuatilia vumbi jingi na moshi mwingi, na ndege nyingi tulizizuia na nyingi zaidi tulizirusha. Sikumbuki moja tuliyoikosea. Wenye kumbukumbu nzuri kuliko yangu wasinijibu.

Sasa la mwisho. Wiki yangu ya mwisho kazini, nikiwa napanga vitu vyangu, mlinzi aliniletea wageni. Mwanamke wa Kisomali, na pembeni yake msichana wa sare ya shule, shingo ndefu, macho yanazunguka chumba kizima. Mwanamke alisema anaitwa Hibo, wa Diff. Alisikia kwa Dahabo kwamba naondoka.

Kariuki alikimbia kutafuta picha ya siku ile, kwa sababu tunazihifadhi zote. Aliifungua kwenye skrini kubwa. Msichana aliuliza pinki ile ni nini, nikamwambia ni vumbi, na nikaweka kidole mahali palipo Diff. Hibo aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Mimi nilikuwa chini ya hii," akasema.

"Ndiyo."

"Na ndege?"

Nikasogeza kidole hadi Garissa. "Hapa. Inasubiri."

Alivuta kiti akakaa karibu yangu, magoti yetu yakagusana. "Eedo, shangazi Habiba, muuguzi aliniambia jina lako. Niliambiwa kuna mwanamke Garissa ameizuia ndege. Nilikulaani. Nililitaja jina lako, na baba yako nisiyemjua nikamlaani pia, uchungu ukiwa juu, na unajua laana ya mwanamke aliye katika hali ile hushika. Nimeibeba miaka yote. Nimekuja unisamehe kabla hatujapotezana, mimi na wewe."

Nilimshika mikono. Nilimwambia nimemsamehe, akanitaka niseme tena kwa sauti ili bintiye awe shahidi, nikasema tena. Alilia. Nami nililia, wala sikumtuma mtu chai.

Alipojifuta akanitazama, na sasa ndani ya macho yake kulikuwa na ukali kidogo, ule wa mtu aliyekaribia kufa na bado anataka kujua.

"Na kama ungenisikia," akasema, "kama ungenisikia nakulaani kwa jina siku ile, ungefanya nini?"

Nilimtazama msichana, amesimama mbele ya skrini, kidole chake kimewekwa juu ya Diff.

"Ningekuacha unilaani," nikamwambia, "na ndege isubiri."